Suruali Kwenye Geti la Mama

Mume wangu Kipkurui ana mapaja makubwa. Sisemi hivyo kumsifu. Nasema kwa sababu mapaja hayo ndiyo yaliyotuharibia Jumamosi yetu, na mpaka leo nikiona kaptula ya kubana imening'inia sokoni Roret, damu inanichemka.

Mapaja yenyewe aliyapata kwa maziwa. Tangu ujana wake alikuwa akibeba mitungi ya majirani kwa baiskeli nyeusi ya chuma, kutoka kwetu bondeni mpaka kwenye tangi la kupozea maziwa kule barabarani, akipanda vilima ambavyo hata ng'ombe huvipanda kwa kuzunguka. Tulipooana na binti yetu Chebet akazaliwa, maziwa hayakutosha. Akaenda Nairobi kulinda geti la mtu. Akakaa huko miaka, akija nyumbani Krismasi na Pasaka tu, mtoto akimkimbia kama anavyomkimbia daktari wa sindano. Sitaki kukumbuka miaka hiyo. Nilikuwa mke wa simu.

Halafu yule tajiri wake akahama nchi, na katika kugawa vitu vyake akamwachia baiskeli ya milimani, ile yenye matairi ya meno na gia nyingi. Wanaume wengine hurudi kutoka Nairobi na televisheni. Wangu alirudi na baiskeli. Nilinuna wiki nzima. Lakini alikuwa amerudi kabisa, analala nyumbani, anamtengeneza Chebet nywele vibaya kila asubuhi, kwa hiyo nikanyamaza.

Juu ya kwetu kuna mgongo mrefu wa kilima, na juu yake kuna njia ya miguu ambayo watu hupita wakipeleka majani ya chai kituoni. Kipkurui aliishika njia hiyo kama shamba la urithi. Akachukua panga akafyeka, akang'oa visiki, akapanga mawe mahali ambapo mvua ilikuwa imekula udongo. Ukiwa pale juu asubuhi, chai imeshuka pande zote mbili mpaka mitoni, imekatwa sawasawa kama nywele za mtoto anayeanza shule, na ukungu uko chini yako badala ya juu. Mimi nimezaliwa kwenye mgongo huo na sikuwahi kuutazama hata siku moja. Niliuona kwanza kwenye simu ya mume wangu. Alikuwa akijirekodi video akishuka huku akipiga kelele peke yake, kisha anaziweka mtandaoni. Kanisani wakasema Kipkurui amerudi na kichwa cha Nairobi, na mimi nikamtetea, ingawa moyoni nilikubaliana nao kidogo.

Video hizo zikamfikia Vivian. Vivian ni mwanamke wa Nairobi ambaye kazi yake ni kuzungusha wageni kwa baiskeli siku za wikendi. Alipiga simu akasema atakuja na wageni wachache kuionja njia. Siku ikienda vizuri, atawaleta kila mwezi, na Kipkurui ndiye atakayekuwa mtu wake wa huku. Sasa, wiki hiyohiyo, rafiki mmoja alikuwa amemshikia Kipkurui nafasi kwenye geti jingine kule Nairobi, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Jumamosi ikienda vizuri, mume wangu anabaki. Ikienda vibaya, narudi kuwa mke wa simu.

Vivian akatuma nguo mapema kwa gari la mizigo ili watu wote wafanane kwenye picha. Shati la rangi ya machungwa, na hiyo kaptula. Kipkurui akaivaa, akasimama katikati ya nyumba. Chebet akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba Chebet," nikamwambia, "hii nguo inasema kila kitu."

"Ndiyo nguo ya kazi. Hata mapolisi wako na yao."

"Na kwa Mama utapita aje?"

Njia ile haipiti karibu na boma la mama yangu. Inapita ndani yake, kati ya jiko na zizi la ng'ombe. Na kwetu, mwanamume na mama wa mkewe wanaheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja anashuka kando na kutazama majani mpaka mwenzake apite. Kipkurui akienda pale anaketi nje na kaka zangu, na chai yake inaletwa na mkono wa mtu mwingine. Miaka yote hiyo Mama hajawahi kumtazama usoni, na hivyo ndivyo anavyompenda. Sasa mtu kama huyo umpitishie mbele ya mlango mkwe wake amebanwa namna ile?

"Nitapita chini, kwa shamba la Onyiego la nyasi za nepia," akasema. "Nilishatengeneza njia ya kuzunguka boma. Wacha wasiwasi."

"Beba suruali ndefu kwa begi."

"Begi imejaa tyubu na pampu. Na suruali inashikwa na cheni. Chelangat, hii ni kazi yangu, wacha niifanye."

Nikamwacha aifanye.

Jumamosi ilianza vizuri mno, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa. Vivian alikuja kwa pikapu na dereva wake na wageni watatu, wote na helmeti na vioo vya macho kama mainzi, wote wenye adabu. Kipkurui mbele, mimi nyuma kabisa kwenye baiskeli nyeusi ya maziwa, sketi juu ya suruali, nikiwa na mfuko wa vifaa mgongoni. Anga lilikuwa safi. Wachumaji wa chai waliinua mikono. Wageni walisimama kila kona kupiga picha, na Vivian akawa akisema, "Kipkurui, mbona ulificha hii kitu?" Nikamwona mume wangu kutoka nyuma, mabega yake yamefunguka, na nikajiambia, basi, haendi.

Halafu mambo yakaanza kutushika miguu. Tairi la mgeni mmoja likapasuka, na lilipozibwa likapasuka tena palepale. Shangazi zake Kipkurui, waliokuwa wakichuma, wakamsimamisha ili awasalimie mmoja mmoja, na mwenye heshima hawezi kusalimia mmoja akaruka mwingine. Hapo hapakuwa na shida ya nguo, maana shangazi ni shangazi. Walimcheka tu na kumwambia amefanana na chura. Lakini muda ulikuwa unakwenda, na huku kwetu kila mtu anajua kwamba mvua huja baada ya chakula cha mchana. Kipkurui alitaka tuwe tumeshuka mteremko wa mwisho, ule wa kanisani, kabla udongo haujalowa. Ukilowa, ule si udongo, ni sabuni.

Tukafika kwenye kona ambayo unaanza kuona boma la Mama kwa mbali. Kipkurui akakunja kushoto kuingia njia yake ya nepia, akafunga breki kwa nguvu mpaka Vivian akakaribia kumgonga. Palikuwa na seng'enge. Mpya kabisa, inang'aa, nyuzi juu mpaka chini. Onyiego, jirani wa Mama, alikuwa ameamua wiki hiyo kufungia ng'ombe wake, na simlaumu, shamba ni lake. Lakini wakati ule nilimlaumu kwa lugha zote ninazozijua.

"Tunapita wapi?" Vivian akauliza.

"Pale mbele, kwa hiyo boma," mgeni mmoja akaonyesha kwa kidole. "Si njia inaingia pale?"

Kipkurui alinisogelea. Alikuwa anatazama geti la Mama.

"Mama ako nyumbani," akaninong'oneza.

"Umejuaje?"

"Kuna nguo kwa geti. Ameanika saa hii."

Nikatazama. Kweli, suruali nyeusi ya kiume ilikuwa imewekwa juu ya geti, imenyooshwa vizuri. Nikajua ni ya kaka yangu Johana, ambaye mpaka leo humletea Mama nguo zake za kufua kana kwamba hana mke. Hilo nalo likanichoma. Nikapiga simu ya Mama ili nimwambie aingie ndani kidogo. Simu ikaita mpaka ikakata. Mama huiacha simu kwenye kabati ya vikombe, akiogopa kwamba itamwangukia kwenye ndoo ya maziwa.

"Wacha nikimbie nimwambie," nikasema.

"Akitoka nje je? Akituona hapa je?" Kipkurui tayari alikuwa amegeuza baiskeli. "Nitashuka mtoni, nivuke gogo, nipande nitokee kanisani. Wewe wapitishe kwa Mama, tukutane huko."

"Baba Chebet, ule mteremko wa mtoni ni mbaya."

"Ni dakika kidogo."

"Mpitie tu haraka! Hatakuangalia!"

"Chelangat. Ni mama yako."

Akazama kwenye chai na baiskeli yake. Nikabaki na Vivian na wale watu watatu, nikajaribu kueleza. Vivian alinisikiliza vizuri, hata hakucheka, lakini aliposikia niwaongoze mimi akatikisa kichwa. Sheria yake ni kwamba mgeni hasogei bila kiongozi mbele, na mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kanisani, ambao mimi na baiskeli ya maziwa tusingeuweza. Basi tukasubiri pale kwenye kona. Tukasubiri mpaka maneno ya adabu yakaisha. Mgeni mmoja akala ndizi, akatazama mawingu, akatazama ndizi.

Mvua ikatupata palepale. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Nikasema heshima ngoja, nikawaswaga wageni wote mpaka kwa Mama. Nikasukuma geti kwa hasira, ile suruali ikaanguka kwenye matope. Nikaiokota, nikaitupa tena juu ya geti, nikamtukana Johana kwa sauti.

Mama hakuwepo.

Mlango ulikuwa wazi. Mezani kulikuwa na chupa kubwa ya chai na vikombe vimefunikwa kwa kitambaa cha wageni, kile kilichoshonwa maua. Mkate ulikuwa umekatwa. Hata kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilikuwa pale, kimefutwa kwa nje. Nikasimama nikitiririka maji, nikihisi nikipata wazimu. Mume wangu amemkimbia mtu ambaye hayuko nyumbani! Nikawamiminia wageni chai, nikajifunika gunia la majani kichwani, nikateremka mtoni kumtafuta kabla sijammaliza kwa mikono yangu.

Niliwakuta wote wawili.

Mama alikuwa upande wa pili wa mto, chini ya mikaratusi, amesimama karibu na gogo la kuvukia, leso imefunika kichwa mpaka usoni, ameupa mto mgongo. Upande wangu, Kipkurui alikuwa amesimama ndani ya chai, majani yamemfika kiunoni, naye ametazama kilimani. Baiskeli yake ilikuwa imelala kwenye matope, waya wa breki umekatika. Mvua ilikuwa inawapiga wote wawili. Gogo lilikuwa katikati yao, na maji yalikuwa yanapanda.

Walikuwa wamekaa hivyo muda wote ambao sisi tulikuwa kwenye kona.

Nilielewa papo hapo, na kuelewa kukanizidishia hasira. Mama alisikia kwamba mkwe atapita na wageni amevaa ile nguo, akaacha boma na kuja kujificha mtoni ili ampishe. Mkwe akaogopa kumpita Mama bomani, akaja mtoni ili ampishe. Na sasa huyu hawezi kutoka kwenye chai kwa sababu ataonekana, na yule hawezi kuvuka gogo kwenda kwake kwa sababu njia yake inapita pembeni ya hiyo chai.

"Mama!" nikapiga kelele. "Vuka urudi nyumbani, maji yanapanda!"

"Mwambie mwenzako apite kwanza," Mama akasema, bila kugeuka. "Mimi siangalii."

"Baba Chebet, pita!"

"Mwambie Mama apite kwanza. Siwezi kutoka hivi."

"Amekusikia! Uko karibu naye hivi, unataka niwe redio yenu?"

Ilibidi nivuke, nimshike Mama bega, nimgeuzie kwenye shina la mti kama mtoto anayecheza kujificha. Kisha nikarudi nikasimama njiani nimepanua sketi kwa mikono miwili kama pazia, na mume wangu, mwanamume mzima, akatoka kwenye chai amejikunja, akapita nyuma ya sketi yangu huku akiburuta baiskeli. Nililia. Sijui kama ilikuwa hasira au kicheko, lakini machozi yalikuwa ya moto hata kwenye mvua ile.

Tulipofika juu, pikapu ya Vivian ilikuwa imezunguka kwa barabara na baiskeli zilikuwa zinapakiwa. Kipkurui akasimama upande wa pili wa gari, akionekana kuanzia kifuani tu.

"Njia ni nzuri sana," Vivian akamwambia. "Nimeipenda, haki ya Mungu. Lakini wageni wangu wamekaa kwa mvua bila kiongozi. Mmoja angeteleza ningesema nini? Kuna watu wa Kedowa wamekuwa wakiniita. Wacha nijaribu huko kwanza."

"Nimeelewa," Kipkurui akasema.

"Usikasirike."

"Sikasiriki."

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Niliikasirikia seng'enge, mvua, tairi, shangazi, Johana, na adabu yenyewe. Vivian alitupungia mkono mpaka gari likapotea kwenye kona. Alikuwa mtu mzuri, na hilo lilizidi kuniumiza, maana hakukuwa hata na mtu wa kumchukia. Kipkurui akachukua baiskeli yake mbovu, akaondoka kwa kuzungukia nyuma ya zizi.

Mama alipanda kutoka mtoni baadaye, alipokuwa na hakika kwamba mkwe ameshaondoka. Akafika getini, akasimama. Akaishika ile suruali iliyojaa matope.

"Kwa nini hakuvaa?" akauliza.

"Kuvaa nini?"

"Hii. Nilimwekea hapa mwanzo wa boma, nikaondoka mapema ili avae bila haya, apite na wageni wake, wanywe chai."

"Mama, si hiyo ni ya Johana?"

"Johana ana miguu mirefu hivi? Niliinunua Roret, mtumba mzuri, nikaipiga pasi mwenyewe." Alikuwa anaikamua taratibu, maji mekundu yakimtiririka mikononi. "Na lini uliniona naanika nguo kwa geti? Kamba yangu iko nyuma ya jiko, tangu uko mtoto. Yeye ni mgeni, hawezi kujua. Wewe si ulizaliwa hapa?"

Nikamsaidia kukamua mguu mmoja.

Jumapili nzima nyumbani kwetu hakuna aliyeongea kwa sauti. Chebet aliuliza mara moja kama baba anaenda, Kipkurui akamwambia ataleta viatu, na Chebet akasema hataki viatu. Jumatatu asubuhi nikampa suruali ile, imefuliwa, imekauka juu ya jiko. Nilimwambia imetoka wapi. Aliishika kwa mikono miwili, kisha akaivaa.

Ilimkaa sawasawa, kiunoni, kwenye mapaja, mpaka chini kwenye kisigino, bila kukunjwa hata kidogo. Nikamzungusha nikitafuta kasoro ili nipate pa kutolea hasira yangu, nikakosa. Mimi ninayemfulia sijawahi kumnunulia suruali iliyomkaa hivyo. Mama, ambaye hajawahi kumtazama, alikuwa amempata.

"Mwambie Mama kongoi, asante sana," akasema.

"Nitamwambia."

Akachukua mkoba, akapanda boda kwenda Kaplong kutafuta gari la Nairobi, akalinde geti la mtu.